Baiskeli ya Bi Marit

Inspekta Nthoki Ndete alikuwa hajapanda baiskeli tangu utotoni kule Kangundo, alipokuwa akiiba ya babake na kuiendesha kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha katikati. Ndiyo maana asubuhi ile, alipotoka kituoni amevaa suruali ya kijivu na kuomba ashikiwe baiskeli, askari watatu walitoka nje kutazama, na mmoja akajiletea kiti kabisa.

"Afande, gari lipo," alisema Koplo Nyongesa, akijikaza asicheke.

"Gari halikuibiwa, Nyongesa. Nataka kuiona njia jinsi mwenye mali alivyoiona."

Mwenye mali alikuwa Bi Marit, mwanamke wa makamo kutoka Norwei, aliyefika Nairobi akitokea Arusha kwa baiskeli yake mwenyewe ya buluu. Juzi Jumanne alitaka kuzunguka mitaa ya Eastlands, na mtu wa kumzungusha alikuwa mmoja tu: Jumbe wa Majengo. Jumbe alipoanza kutembeza wageni kwa baiskeli, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, mtaa mzima ulimcheka. Nani atatoka kwao Ulaya aje kutazama Makongeni? Lakini wageni walikuja, wakapenda, wakaambiana. Jumbe alitangulia mbele akieleza, na nyuma kabisa alikuja fundi wake, Wathome, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kulinda baiskeli kila waliposimama.

Kabla ya kumaliza ziara walisimama nyumbani kwa Bi Mishi, dada mkubwa wa Jumbe, ambako mgeni alipewa kahawa ya tangawizi. Bi Marit aliingia, akanywa, akatoka. Baiskeli ya buluu haikuwepo, na mkoba wenye pasipoti uliofungwa nyuma yake ulikwenda nayo.

Wathome aliulizwa, akasema hakubanduka pale hata hatua moja. Kwa jibu hilo Nyongesa alimfungia ndani.

"Kesi hii ni nyepesi, afande," koplo alirudia asubuhi ile. "Mlinzi anasema hakutoka. Kama hakutoka, aliona. Kama aliona na hasemi, basi ni yeye. Tena alishafungwa zamani kwa vipuri vya wizi. Kesho asubuhi yuko kortini."

"Na baiskeli iko wapi?"

"Hiyo atasema akionja rumande."

Nthoki alikuwa amekwisha kumwona Wathome kupitia kidirisha cha seli: mtu mrefu, mpole, suruali ameishikilia kwa mkono kwa kuwa mshipi wake ulikuwa umechukuliwa. Alipomuuliza alikuwa wapi, fundi alitazama sakafu na kujibu, "Pale pale, afande." Ulikuwa uongo, na uongo mbaya wa mtu asiyeuzoea. Lakini anadanganya kuhusu nini? Na mtu aliyewahi kufungwa, akisimama mbele ya hakimu na uongo mdomoni, harudi nyumbani karibuni. Inspekta alijua hivyo, na ndicho kilichomnyima raha.

Jumbe alikuwa akimsubiri Kaloleni, mbele ya ukumbi wa mtaa, kofia kichwani na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, lakini Mungu alimpa sauti ya watu wawili.

"Nipeleke ulivyompeleka," Nthoki alimwambia. "Usiruke kitu. Alipokwenda polepole, twende polepole. Aliposimama, tusimame."

"Na maelezo pia, afande?"

"Na maelezo."

Pale Nthoki aliona jambo la kumchekesha. Jumbe alianza kwa sauti ya msibani, akieleza jinsi nyumba za Kaloleni zilivyopangwa zikitazamana kama watu wanaosalimiana. Kufika nyumba ya tatu sauti ilipanda. Walipoingia Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuwa amesahau huzuni yake na kupiga kengele mbele ya kila mlango. Kina mama walimwitikia kwa jina. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa nje aliinua mkono, nusu ya kichwa ikiwa tayari.

"Pole na yale maneno, Jumbe!"

"Tushapoa, mzee wangu!"

Inspekta aliyumba, akakwepa bata wawili na beseni la nguo, kisha ghafla mwili ulikumbuka. Upepo ulimpiga usoni. Alikuwa ameishi Nairobi miaka ishirini, akaipita mitaa hii mara elfu, lakini daima kwa gari na daima akifuata ubaya wa mtu. Leo aliona mapazia, na maua yaliyopandwa kwenye mikebe ya rangi, na harufu ya vitunguu ikamfuata kona hadi kona. Alijisikia mwenye furaha, akajikemea, maana kulikuwa na mtu seli.

"Nani aliigusa ile baiskeli?" aliuliza walipokuwa wakisukuma baiskeli zao kuvuka Jogoo Road.

"Wengi, afande. Ilikuwa na gia nyingi kuliko vitufe vya redio yangu. Lakini aliyeitaka hasa ni mmoja. Mativo, wa Shauri Moyo."

Mativo alikuwa na kibanda cha vipuri vya baiskeli katikati ya mafundi wa jua kali, mahali ambapo nyundo hazinyamazi na watu huongea kwa kupiga kelele hata wakisemezana siri. Alipomwona Nthoki alimtambua upesi kuwa ni polisi.

"Niaje, mathe. Hata ukikuja na baike, karao ni karao tu."

"Ulimwambia mzungu nini juzi?"

"Nilimwambia hiyo machine ni noma. Nikamshow akichoka nayo aniletee. Hiyo ni makosa?"

"Hapo nyuma kuna nini?"

Mativo aliacha kutabasamu. Nyuma ya kibanda, chini ya magunia, kulikuwa na kitu chenye magurudumu, na rangi iliyochungulia ilikuwa buluu mbichi. Jumbe alishika mdomo. Nthoki aliondoa gunia moja, kisha la pili. Kwa kuwa baiskeli hupakwa rangi upya lakini namba yake hugongwa kwenye chuma, alipiga magoti, akapapasa chini ya pedali. Hapakuwa na namba, na gurudumu la mbele lilimfikia gotini.

"Ni ya mtoi wangu," Mativo alisema kwa sauti ndogo. "Anafunga shule Ijumaa. Sasa mathe, usiseme kwa hii mtaa, atasikia kabla haijakauka."

Nthoki aliyarudisha magunia kwa uangalifu asije akabandua rangi, akafuta kidole chake cha buluu kwa karatasi.

Walifika Majengo jua likiwa utosini. Nyumba ya Bi Mishi ilikuwa mwisho wa kichochoro chembamba kilichozibwa kwa ukuta, kwa hiyo njia ya kuingia ndiyo ya kutokea. Na mdomoni mwa kichochoro hicho, na benchi lake, jiko lake na karai lake la mafuta, alikaa Halimo, muuza mahamri.

"Shuka, mama," Halimo alimwamuru inspekta. "Hapa hapapiti baiskeli mpaka nivute jiko."

"Kila baiskeli?"

"Baiskeli, mkokoteni, jeneza. Kila kitu mpaka nivute jiko."

Nthoki alishuka. Alivuta kigoda, akakaa, akajitambulisha. "Jumanne ulivuta jiko mara ngapi?"

"Walipokuja, nikavuta, zikapita baiskeli tatu. Polisi walipokuja nikavuta tena, zikatoka mbili. Ya Jumbe na ya fundi."

"Na ya buluu?"

"Sijaiona ikirudi."

"Mbona hukumwambia koplo?"

"Koplo aliniuliza kama nimeona mwizi. Mimi mwizi sijaona. Akaenda zake." Halimo aligeuza andazi. "Angeuliza baiskeli ningemwambia baiskeli."

Nthoki alimeza maneno aliyokuwa akimwandalia Nyongesa. "Na Wathome alikuwa wapi wakati huo?"

Halimo alimtazama Jumbe kwa pembe ya jicho, akasita. "Alikuwa hapa hapa kwangu. Chai ya rangi na mahamri mawili. Kila wakija, wale wakishaingia ndani, yeye huja kwangu mbio mbio, anakula amesimama. Ana njaa yule maskini, tangu Kaloleni anakanyaga pedali. Aliniomba nisikwambie, Jumbe. Ulimkataza kuacha baiskeli."

Jumbe aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo alidanganya kwa ajili yangu."

"Alidanganya kwa ajili ya kazi yake," Nthoki alisema, lakini si kwa ukali.

Basi uongo wa fundi ulikuwa mahamri mawili. Ulimwondoa kwenye wizi, ila si mbele ya hakimu: mtu aliyedanganya mara moja, nani atamwamini mara ya pili bila baiskeli kupatikana? Na kama Halimo alisema kweli, baiskeli ilikuwa bado humu, katika nyumba mojawapo ya kichochoro hiki.

"Mungu anisamehe," Halimo aliendelea kunung'unika akifunika jiko, "siku ile ilikuwa mbaya kwa kila mtu. Hata mimi mahamri yalinidodea. Watoto wote wa hapa walishibishwa pilau kwa Bi Mishi, nani tena ataka andazi?"

Nthoki aligonga mlango baada ya mlango. Nyumba zilikuwa chache, na kila moja ilifunguliwa kwa neno "karibu" na kumalizikia kwa sahani. Mihogo, akakataa. Uji, akakataa. Alikuwa na sheria moja aliyoishika tangu akiwa konstebo: asile katika nyumba anayoulizia maswali. Mkono uliochovya mchuzi wa mtu, alipenda kusema, huwa mzito kumfunga pingu. Aliruhusiwa kutazama vyumba, uvungu, hata chooni. Hakuona hata spoki ya baiskeli.

Ikabaki nyumba ya mwisho.

Bi Mishi aliwapokea akiwa amejifunga leso kichwani, akisema ana homa tangu Jumanne. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa ukarimu, wa wale ambao hata wakigonjeka wanauliza hali yako kwanza. Nthoki na Jumbe walivua viatu mlangoni, wakakaa mkekani katika ukumbi mrefu wenye vyumba kushoto na kulia.

"Bi Marit alikaa wapi, mama?"

"Hapo karibu na mlango, mwanangu."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nikiingia na kutoka. Jikoni, uani."

"Hukusikia mtu nje?"

"Sikusikia." Alizungusha bangili mkononi. "Utakula nini?"

"Sili kazini, mama. Ahsante."

"Chai basi."

"Hata maji, mama. Uani kuna mlango?"

"Upo, unatokea ubavuni mwa nyumba. Jamani, mtoto wa watu ameendesha baiskeli juani tangu asubuhi, atatoka kwangu hivi hivi?" Bi Mishi alijiinua kwa kujikongoja. "Ngoja nitazame jiko."

Alipita mlangoni, akapotea. Nthoki alingoja kidogo. Mwanamke huyu aliogopa kitu, hilo lilionekana. Lakini dada mtu amwibie mgeni wa nduguye, nyumbani kwake mwenyewe, kwa faida gani? Hakuwa na sababu ya kupekua chumba cha mgonjwa. Alisimama, akaenda mlangoni kuvaa.

Viatu vya Jumbe vilikuwepo. Vyake havikuwepo.

Alitazama nje, nyuma ya mlango, chini ya mkeka. Jumbe alianza kucheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, akapaza ile sauti yake kubwa. "Dada! Rudisha viatu vya afande! Huyu ni serikali!" Kisha akamgeukia inspekta. "Tuwie radhi. Ndivyo alivyo, tangu ujana wake. Mgeni akisema anaondoka bila kula, yeye huficha viatu. Mazoea yana taabu. Mgeni wa dada yangu hajapata kutoka na nja..."

Kicheko kilimtoka usoni.

Nthoki alimshika mkono. "Bi Marit alivua viatu?"

"Hakuvua," Jumbe alisema polepole. "Alikuwa na buti za kamba, mpaka huku. Dada alimtandikia gunia ili asichafue mkeka."

"Alisema anaondoka?"

"Mimi ndiye niliyesema. Tulikuwa tumechelewa kwa wachongaji wa Gikomba."

"Na jikoni kulikuwa na pilau, ambayo baadaye ililiwa na watoto wa mtaa mzima. Mgeni anaondoka, viatu viko miguuni mwake. Dada yako atafanyaje?"

Bi Mishi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na viatu vya inspekta kifuani. Hakuhitaji kuulizwa. Aliviweka chini, akafungua chumba chake kilichopakana na uani, akainua chandarua. Nyuma ya kitanda, imefunikwa leso mbili, ilisimama baiskeli ya buluu, mkoba umefungwa kama ulivyokuja. Nthoki aliinama, akasoma namba chini ya pedali, na safari hii ilikuwepo.

"Nilimfichia, sikumwibia," Bi Mishi alisema, na machozi yakaanza. "Pilau ilikuwa imebaki kukauka tu. Nikasema akiitafuta kidogo, itakuwa imeiva, nitatoka nayo tucheke, tule. Naingia kupakua, nasikia nje kelele, polisi, polisi! Nikaogopa. Nikasema watu wakitawanyika nitaitoa. Polisi nao wakaja. Nikajiuliza, nikiitoa sasa watasema nini? Watasema dada yake Jumbe ni mwizi wa wageni. Nitamvunjia ndugu yangu kazi yake. Nikaona heri chuma kipotee, mzungu atapata kingine."

"Dada," Jumbe alisema, akavua kofia.

"Na Wathome?" Nthoki aliuliza.

"Wathome amefanya nini?"

"Hujui?"

"Nimejifungia humu na aibu yangu tangu siku ile. Niliambiwa alikwenda kuandikisha maelezo."

"Yuko seli, mama. Kesho anapelekwa kortini kwa wizi."

Homa ya Bi Mishi ilipona hapo hapo. Alichukua buibui lake, akaishika baiskeli kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Aliisukuma kichochoro kizima mchana kweupe, macho mbele, majirani wakitoka milangoni mmoja mmoja. Halimo alivuta jiko kabla ya kuombwa.

Kituoni, Nthoki alimpigia simu Bi Marit kwenye nyumba ya wageni, akamweleza mara mbili, maana mara ya kwanza hakusadiki. Kisha mwanamke yule alicheka mpaka akakohoa, akasema anakuja kufuta malalamiko, na akauliza kama ile pilau ilikuwa ya nyama. Nyongesa alilinganisha namba, akakagua pasipoti, akajikuna shingo.

"Afande, mimi niliuliza mwizi."

"Ndiyo. Kesho uulize baiskeli. Mtoe Wathome."

Fundi alitoka akipepesa macho, akapewa mshipi wake. Alimkuta Bi Mishi amesimama mbele ya kaunta, hajui mikono aiweke wapi.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Mimi ndimi niliyeificha. Nilitaka mgeni ale."

Wathome alifunga mshipi kwanza. "Kumbe kulikuwa na chakula?"

"Pilau, sufuria nzima."

"Mimi nilikuwa nimekimbilia mahamri," alisema, akatabasamu kidogo, wala hakuwa na nia ya kumchoma mtu.

Bi Mishi alimkazia macho. "Lakini wewe huja kwangu kila mara. Miezi yote hii. Mbona huingii?"

"Nalinda baiskeli, mama."

"Hata mara moja hujaingia?"

"Hujaniita," Wathome alijibu.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Bi Mishi alishika kaunta, na machozi aliyolia chumbani kwake yalikuwa mchezo kando ya haya. Jumbe naye, mwenye sauti ya watu wawili, hakuwa hata na ya mmoja, kwa kuwa yeye pia alikuwa akiingia ndani kila safari na kumwacha mwenzake juani. Nthoki, aliyewahi kuona maiti bila kugeuza uso, alijikuta akisoma tangazo la zamani ukutani.

Walirudi Majengo wote wanne kwa miguu, baiskeli zikisukumwa. Kufika mwisho wa kichochoro, Wathome alifanya kama alivyozoea: alizipanga ukutani, akajaribu magurudumu kwa kidole gumba, akaketi juu ya jiwe.

"Karibu ndani," Bi Mishi alisema.

"Nitakaa na baiskeli, mama. Msije mkapata shida tena."

"Wathome. Nimekuita."

Alimtazama Jumbe, na Jumbe akatikisa kichwa kuelekea mlangoni. Bado fundi hakuinuka. Ndipo Inspekta Nthoki Ndete alipomgusa bega, akamwambia asogee, akaketi yeye kwenye lile jiwe, miguu ameinyoosha, pingu zikimfinya kiunoni.

"Leo nalinda mimi," alisema. "Nenda ukale."

Bi Mishi alishikilia pazia la mlango, akakataa kutangulia mpaka mgeni wake apite. Wathome alipita ameinama, kwa kuwa alikuwa mrefu. Nthoki alisikia mkeka ukikung'utwa, sahani zikigongana, Jumbe akiagizwa alete maji ya kunawa. Kisha akaisikia sauti ya fundi, ya chini, ikimwambia mtu au haimwambii mtu yeyote:

"Kumbe ndani ni kubwa hivi."